Shauri la Mtoto wa Pili Katika Mwambao wa Kyela

Mwaka 1879 Mskoti Joseph Thomson, alipofika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, alistaajabia usafi wa nyumba za Wanyakyusa na uzuri wa migomba iliyozizunguka, hata akaiandika nchi ile kama bustani ya raha. Na wageni waliomfuata, wapelelezi, askari na wamisionari, wakaendeleza sifa hiyo. Lakini wageni wale walikuwa wanaume, tena wapitaji, na mlango wa nyumba ya mzazi haukuwafungukia. Kwa hiyo jambo ambalo huenda liliwashughulisha watu wa mwambao ule kuliko vita na ng'ombe, yaani namna mwanamke aliyenusurika kwa taabu katika uzazi wa kwanza alivyoikabili tena mimba ya pili, yatubidi kulitafuta ndani ya desturi zenyewe, kwa kuwa katika taarifa za safari halimo.

Waliokaribia habari hiyo ni Godfrey Wilson na mkewe Monica, wachunguzi wa mila waliofanya kazi Unyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaichukua kazi ya wawili peke yake, akatunga vitabu kadha, na kile cha mwaka 1957, kihusucho ibada za ukoo, kimeupa uzazi mahali pake pa heshima. Kutokana na maandiko hayo, na kutokana na yale ambayo bado husikika vinywani mwa wazee, tunatambua kwamba uzazi katika nchi ile ulifungwa kwa mipaka ambayo mke na mume hawakujiwekea wenyewe. Vijana wa kiume, wakifikia umri wa miaka kumi hivi, walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, wakaoa humo na kuzeekea humo. Mke alimwepuka baba mkwe wake asikutane naye njiani. Na mama ambaye mkaza mwanawe ameanza kuzaa alitarajiwa kukoma, kwa maana ilikuwa fedheha vizazi viwili kushika mimba kwa wakati mmoja. Aidha, mimba kumjia mama anyonyeshaye ilihesabiwa kuwa ni dhuluma kwa mtoto aliye kifuani, na hofu ya kumbemenda mtoto, ambayo hata leo haijatoweka, ilisimama kama mlinzi mlangoni pa mzazi mpaka mwanawe atembee na aachishwe ziwa. Mume mwenye wake wengi hakuona uzito wa sheria hiyo. Kijana mwenye mke mmoja ndiye aliyetahiniwa nayo. Lakini wote wawili waliujua muhula huo, na mama mkwe aliujua, na kijiji kizima kiliujua, hata ikawa mwanamke aliyechanika au aliyepoteza damu nyingi hakuhitaji kujitetea kwa nini bado hajabeba tumbo jingine maadamu anaye wa kunyonyesha. Aliyezika mtoto ndiye aliyebaki bila ngao, nami naliona hilo kuwa upungufu mkubwa wa desturi ile.

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yaliyofanyika mwaka 2005, lilipendekeza ipite miezi 24 angalau baina ya kuzaliwa mtoto na kushika mimba nyingine. Wazee wa Kyela walikuwa wamekwisha kuukaribia muda huo kwa njia ya haya na hofu.

Uzazi uliokwenda kombo ulikuwa na sheria yake ya peke yake. Waliozaa pacha, na hata waliozaa mtoto aliyetanguliza miguu, walitengwa, baba pamoja na mama, wakaitwa abipasya, watu wa kuogopwa, wala hawakurudi katika maisha ya kawaida mpaka dawa itendeke juu yao, juu ya jamaa zao na juu ya ng'ombe wao. Msomaji wa leo ataona ukatili katika kutengwa huko, na ukatili ulikuwamo. Lakini yafaa atazame pia kwamba baba alitengwa pamoja na mkewe, na kwamba ukoo mzima ulikiri kuwa jambo zito limewapata wote. Vivyo hivyo maradhi na utasa viliulizwa sababu yake: je, kuna mzee aliyenung'unika kwa kunyimwa ng'ombe wa mahari, je, kuna jirani ambaye hasira yake, ile waliyoiita pumzi ya watu, imemkalia mwanamke huyu? Aliyekuwa na kinyongo alitakiwa akiseme waziwazi ili kimtoke. Fikira ile haikuweza kuzuia damu isimwagike, na mara nyingine ilimtwisha mwanamke lawama isiyokuwa yake. Ila ilihakikisha kwamba kabla ya mimba ya pili watu waliketi wakazungumza.

Na kuhusu mtoto aliyekwama tumboni, katika mwaka uleule wa 1879 Thomson alipofika Nyasa, mbali kaskazini katika Bunyoro, Uganda ya leo, tabibu Robert Felkin alimshuhudia mganga wa Kahura akimpasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua, akitumia pombe ya ndizi kumlevya na kuoshea mikono na tumbo, na siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga. Alipolichapisha jambo hilo mwaka 1884, Ulaya ilishangaa, na ilikuwa na haki ya kushangaa. Pasipokuwa na ujuzi kama huo, mtoto aliyekwama alimchukua mama yake, ama alimwachia fistula, na swali la mtoto wa pili likakoma hapo.

Mwaka 1891 Wamoravian walifungua kituo Rungwe na Walutheri wa Berlin wakafungua Wangemannshöhe, kisha wakashuka hadi pwani ya ziwa, upande wa Ikombe na Matema, kwa Wakisi wafinyanzi wa vyungu. Waongofu waliagizwa kuwa na mke mmoja, na hivyo ule muhula mrefu ukawaelemea wawili tu. Kisha, katika miaka ya 1930, wanaume wakavutwa na dhahabu ya Lupa, na baadaye na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Na pale ambapo zamani mimba ilingojea kuachishwa ziwa kwa mtoto, sasa ilifuata likizo ya mkataba, mume akifika na nguo na fedha na haraka ya kuondoka. Nadhani hapo ndipo desturi ilipovunjika mfupa, wala haikuungwa.

Chama cha uzazi bora kilichoanza mwaka 1959, ndicho UMATI ya leo, kiliirudisha hoja ya nafasi baina ya watoto kwa lugha ya kliniki, na mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akiutambulisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, aliwataka Watanzania wapime uwezo wao wa kulea. Hospitali nazo zikaleta kisu kiokoacho. Vifo vya uzazi nchini, ambavyo uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulivikadiria kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa mwaka 2022. Neema hiyo nisingependa mtu aidharau kwa kuitamani jana.

Lakini kisu kina kumbukumbu. Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York alionya kwamba aliyepasuliwa mara moja aghalabu atapasuliwa tena. Na ingawa mkato wa sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi umepunguza hatari hiyo tangu wakati huo, hukumu ya mimba ya pili bado yategemea mkato ulikuwa wa namna gani, na ulifanywa kwa sababu gani: nyonga nyembamba, mtoto aliyekaa vibaya, kifafa cha mimba, au uchungu uliochelewa tu njiani wakati Mbaka au Kiwira imefurika. Mwanamke aliyeshonwa akaruhusiwa kwenda nyumbani bila kuambiwa hayo amebeba siri katika mwili wake mwenyewe, na siku mama mkwe atakapomuuliza mdogo wake mtoto yuko wapi, hatakuwa na jawabu ila hofu.

Kwa hiyo nawasihi waume wa Kyela, Ipinda, Matema na Ngonga: msiondoke wodini kabla daktari hajawaeleza sababu na kuiandika katika kadi, na kadi hiyo itunzwe kama hati ya shamba. Mpeni mzazi miaka miwili bila kumhimiza, hata kama mtoto wake hakuishi, na hasa kama hakuishi. Akiridhia mwenyewe kubeba mimba nyingine, kliniki ijue mapema habari ya kwanza, na mwezi wa tisa, hasa ukiangukia Machi, Aprili au Mei wakati mito imejaa, umkute yuko karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu. Na akisema kwamba mmoja amemtosha, ukoo uketi naye kama ulivyoketi zamani, umsikilize, na ulikubali neno lake.