Viyeyushi vya viwandani na maji ya kunywa katika mwambao wa Rumonge

Viyeyushi vya viwandani ni vimiminika vinavyotumika kuyeyusha mafuta, grisi, rangi, gundi na plastiki. Vikiingia katika maji ya kunywa huwa sumu isiyobadilisha rangi ya maji, na mara nyingi haina ladha wala harufu ya kumshtua mnywaji. Makala hii inaeleza hatari hiyo katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, hasa mjini Rumonge, ambako ziwa ni kisima, ni shamba la samaki, na ni barabara. Rumonge si mji wa viwanda vya kemikali. Viyeyushi vinavyotishia maji yake hutoka katika petroli, tina (kimiminika cha kuzimulia rangi) na gereji. Hatari huongezeka kwa sababu desturi ya kupima na kutibu maji katika ukanda huu imejengwa na vita dhidi ya kipindupindu, na silaha za vita hivyo hazifui dafu mbele ya viyeyushi.

Mji na maji yake

Rumonge uko kilomita 75 hivi kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara ya taifa namba 3 inayoendelea hadi Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Ulikuwa sehemu ya mkoa wa Bururi hadi 2015, ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Rumonge. Mageuzi ya 2025, yaliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, yaliuweka katika mkoa wa Burunga. Ni kitovu cha kilimo cha michikichi nchini, ni soko la mawese na la samaki aina ya ndagala na mukeke, na ni mmoja wa miji ya Burundi ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na bandarini.

Maji ya bomba mijini husambazwa na REGIDESO, shirika la umma la maji na umeme. Vijijini kazi hiyo iko chini ya wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, AHAMR. Chemchemi za milima inayopanda mashariki mwa mji, visima, na mito kama Dama na Murembwe hujaliza mahitaji. Bomba likikauka, watu hubeba madumu wakateke ziwani. Bujumbura nayo hutegemea ziwa hilohilo kwa sehemu kubwa ya maji yake.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, kina cha hadi mita 1,470, na maji yapatayo kilomita za ujazo 18,900, kiasi cha asilimia 17 ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia katika hali ya kimiminika. Burundi inamiliki takriban asilimia 8 ya eneo lake. Sehemu nyingine ni za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Maji mengi hupotea kwa mvuke, na machache hutoka kupitia mto Lukuga karibu na Kalemie. Ndiyo maana maji ya ziwa hukadiriwa kuchukua zaidi ya miaka 400 kubadilishwa. Kinachoingia humo kisipoyeyukia hewani au kuozeshwa na vijidudu, hukaa.

Aina kuu na viwango vyake

Shirika la Afya Duniani (WHO) limetoa viwango elekezi vya viyeyushi katika maji ya kunywa, vikipimwa kwa mikrogramu (sehemu ya milioni ya gramu) katika lita moja:

- Benzeni: 10. Imo ndani ya petroli.
- Tolueni: 700. Imo katika petroli, tina na gundi.
- Zaileni: 500. Imo katika petroli, tina na rangi za mafuta.
- Trikloroethileni: 8. Hutumika kuondoa grisi kwenye vyuma.
- Tetrakloroethileni: 100. Hutumika na madobi wanaosafisha nguo bila maji.
- Dioksani: 50. Ni kiyeyushi, na pia ni masalia katika utengenezaji wa baadhi ya sabuni za maji na plastiki.

Udogo wa viwango hivi ndio kiini cha tatizo. Lita moja ya trikloroethileni ina uzito wa kilo 1.46. Ikitawanywa sawasawa, inatosha kufikisha lita milioni 180 za maji kwenye kikomo cha WHO. Lita moja ya petroli yenye asilimia moja ya benzeni inaweza kufanya hivyo kwa lita zipatazo 880,000. Kwa hiyo mtu hahitaji kuwa na kiwanda kikubwa ili aharibu kisima cha mtaa mzima. Dumu moja lililomwagwa nyuma ya gereji linatosha.

Njia za kuingia majini

Petroli na dizeli ndizo mlango mkuu. Burundi haina bandari ya bahari, na mafuta yake yote hutoka nje. Uhaba mkubwa uliorudiarudia katika miaka ya 2020 ulieneza desturi ya kuhifadhi na kuuza petroli kwa madumu na chupa majumbani na kando ya barabara, pamoja na mafuta ya magendo yanayovuka ziwa. Kila mara petroli inapohamishwa kwa mpira kutoka dumu hadi dumu, kiasi fulani humwagika ardhini.

Gereji na karakana huja nyuma yake. Mafundi huosha vipuri kwa petroli au dizeli, na wapaka rangi husafisha bunduki za rangi kwa tina. Kilichobaki humwagwa mchangani au mtaroni, na mitaro ya mwambao huishia ziwani. Mashine za boti nazo huvujisha mafuta pale pale ufukweni wanapoteka maji akina mama na watoto.

Madumu yenyewe ni njia inayosahaulika. Dumu la njano la lita 20 hubeba mawese leo, petroli kesho, na maji keshokutwa. Plastiki ya dumu hunyonya viyeyushi vya petroli ndani ya kuta zake, kisha huviachia polepole katika maji yatakayowekwa baadaye. Kuosha kwa sabuni na mchanga huondoa harufu ya juu, lakini hakufikii kilichozama ndani ya plastiki. Vivyo hivyo, bomba la plastiki lililopita katika udongo uliolowa petroli linaweza kupenywa na benzeni hata kama halina ufa.

Mafuriko ya ziwa yameongeza hatari. Katika 2020 na 2021, na tena 2024, maji ya Tanganyika yalipanda yakafunika nyumba, barabara na majengo ya ufukweni katika maeneo mbalimbali ya mwambao wa Burundi, Rumonge ikiwamo. Maji yakiingia katika ghala, gereji au choo, huchukua kilichomo na kukichanganya na maji ambayo familia hizohizo zitateka yatakaposhuka.

Viwanda vya mawese vya Rumonge vinastahili kutajwa ili visisingiziwe kosa lisilo lao. Matunda ya mchikichi huchemshwa, hupondwa na kukamuliwa. Kazi hiyo haihitaji kiyeyushi, tofauti na viwanda vikubwa vya mafuta ya mbegu vinavyotumia heksani. Majitaka ya kukamulia mawese hula oksijeni ya vijito na kuua samaki, na yanahitaji kutibiwa, ila huo ni uchafuzi wa namna nyingine. Viwanda vyenye kemikali nyingi zaidi viko Bujumbura, ambako mabwawa ya Buterere yalijengwa kusafisha majitaka ya mji kabla hayajafika ziwani.

Tabia yake majini na ardhini

Benzeni, tolueni na zaileni ni nyepesi kuliko maji. Huelea, na juu ya ziwa lenye upepo na jua sehemu kubwa hupotea hewani kwa saa au siku chache. Trikloroethileni na tetrakloroethileni ni nzito kuliko maji. Zikimwagwa kwa wingi ardhini, hushuka, hupita usawa wa maji ya kisima, na kutulia juu ya tabaka la udongo mgumu au mwamba, zikiachia sumu kidogokidogo kwa miongo. Mahali pasipo na oksijeni, vijidudu huweza kuzigeuza kuwa vinilikloridi, ambayo WHO imeiwekea kikomo cha mikrogramu 0.3 tu. Dioksani huchanganyika na maji kabisa na husafiri nayo kokote yaendako.

Kwa hiyo ukubwa wa ziwa ni faraja ya nusu. Katikati ya ziwa petroli iliyomwagika hupunguzwa nguvu upesi, lakini maji yanayonywewa Rumonge hayatekwi katikati ya ziwa. Hutekwa ufukweni, mtoni na kisimani, karibu kabisa na uchafu unapoingilia.

Athari kwa afya

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka benzeni, trikloroethileni na vinilikloridi katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Benzeni huharibu uboho na kuleta saratani ya damu. Trikloroethileni huhusishwa hasa na saratani ya figo, na vinilikloridi na saratani ya ini. Tetrakloroethileni imo katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani, na dioksani katika kundi la vinavyoweza kuisababisha.

Kipindupindu humwangusha mtu kwa saa chache, na sababu yake hutafutwa siku hiyohiyo. Ugonjwa wa viyeyushi huja baada ya miaka, humpata mmoja hapa na mwingine kule, na aliyekunywa huenda alishahama. Ndiyo maana maradhi haya huzikwa pamoja na wagonjwa bila chanzo chake kuulizwa.

Kupima na kusafisha

Klorini na vidonge vya kutibu maji huua vijidudu tu. Haviondoi petroli wala tina. Kuchuja kwa kitambaa au mchanga hakusaidii. Kuchemsha kunaweza kufukuza sehemu ya benzeni, lakini mvuke wake hubaki jikoni na kuvutwa na mpishi pamoja na mtoto aliye mgongoni, na dioksani hubaki sufuriani. Maji yanayonukia petroli hayafai kuchemshwa ili yanywewe. Dawa yake ni kutafuta chanzo kingine. Kaboni amilifu, iliyo mkaa maalumu, hunasa viyeyushi vingi ikibadilishwa kwa wakati, na mitambo ya kupuliza hewa majini hufukuza vile vinavyoyeyuka hewani upesi.

Kupima kunataka uangalifu. Sampuli huwekwa katika vichupa vya glasi vya mililita 40, vikajazwa pomoni bila kuachwa hata kiputo cha hewa, kwa kuwa kiyeyushi hukimbilia humo. Huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi na kupimwa ndani ya siku 14 kwa mashine ya kromatografia ya gesi. Sampuli iliyochukuliwa kwa chupa ya plastiki na kusafirishwa juani itatoa jibu safi hata kama maji ni machafu.

Sheria

Burundi ina Kanuni ya Maji ya 2012 na Kanuni ya Mazingira iliyopitishwa 2000 na kuandikwa upya 2021. Ulinzi wa mazingira umekabidhiwa ofisi ya OBPE, na viwango vya ubora ofisi ya BBN. Kwa kuwa nchi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, kiwango cha pamoja cha maji ya kunywa, EAS 12, kinaihusu pia. Kwa upande wa ziwa, nchi nne zilitia sahihi mkataba wa usimamizi endelevu mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Mkataba huo una kanuni ya tahadhari na kanuni ya mchafuzi kulipa, nao ndio ulioanzisha Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura.

Hatari ya kungoja kikomo cha kisheria ilionekana Camp Lejeune, kambi ya kikosi cha Marine cha Marekani huko North Carolina. Kuanzia 1953 hadi 1987 mabomba yake yalibeba viyeyushi kutoka karakana za kambi na duka la dobi lililokuwa jirani. Mwaka 1982 maji ya bomba ya sehemu moja yalikutwa na mikrogramu 1,400 za trikloroethileni kwa lita. Wakati huo Marekani haikuwa imeweka kikomo cha kemikali hiyo, kiliwekwa 1987. Visima vilivyochafuka zaidi havikufungwa hadi karibu 1985. Huenda watu milioni moja walikunywa maji hayo, na sheria ya kuwaruhusu kudai fidia ilipitishwa 2022, wengi wao wakiwa wameshafariki. Kimya cha sheria hakikuyafanya maji hayo kuwa salama hata siku moja.

Kinga

Maji ya chini ya ardhi yakishachafuka, kuyasafisha huchukua miongo na fedha ambazo hakuna manispaa ya mwambao huu iliyo nazo. Hivyo kinga ndiyo njia pekee inayowezekana Rumonge, na hatua zake ziko ndani ya uwezo wa mji:

- kutenga madumu ya maji na ya mafuta kwa rangi tofauti, na kutorudisha dumu la petroli kwenye maji kamwe;
- kukusanya mafuta machafu na tina katika mapipa yenye mfuniko, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mitaro;
- kuweka gereji, ghala za mafuta na vituo vya petroli mbali na visima, chemchemi na mistari ya mafuriko ya 2021 na 2024;
- kutenganisha gati za boti na sehemu za kuteka maji;
- kupima benzeni na viyeyushi vyenye klorini angalau mara moja kwa mwaka katika visima vilivyo karibu na gereji na vituo vya mafuta, na matokeo kubandikwa mahali wanapoteka watu.

Hatua ya mwisho ndiyo inayozipa nguvu nyingine zote. Mama anayelipia maji ya bomba la mtaa ana haki ya kujua kilichomo, na mji unaojua hali ya maji yake leo una ushahidi wa kumdai mchafuzi kesho.