Barbosa: Kipa Aliyefungwa Miaka 50 kwa Goli Moja

Wadau, ukitaka kujua binadamu tulivyo wepesi wa kuhukumu, mwangalie kipa. Mshambuliaji akikosa magoli matatu halafu akafunga moja, anabebwa juu juu. Kipa akiokoa michomo tisa na wa kumi ukapita, jioni nzima kijiweni anaitwa muuza mechi. Leo niwape habari za Moacir Barbosa wa Brazil, maana sidhani kama kuna mwanasoka aliyeonewa kuliko yeye.

Ilikuwa tarehe 16 Julai 1950, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Kombe la Dunia la mwaka ule halikuwa na fainali kama tunavyoijua. Timu nne zilicheza kama ligi ndogo, na mechi ya mwisho ikawakutanisha Brazil na Uruguay. Brazil walikuwa wameshaichapa Sweden 7-1 na Hispania 6-1. Sare tu iliwatosha kuwa mabingwa. Watu zaidi ya 170,000 walijaa uwanjani, na wengi walikuja kusherehekea.

Friaça akaifungia Brazil dakika ya 47. Dakika ya 66, winga wa Uruguay, Alcides Ghiggia, akamtoka beki Bigode upande wa kulia, akapiga krosi, Schiaffino akasawazisha. Dakika ya 79 Ghiggia akamtoka Bigode tena, njia ile ile. Hebu jiweke wewe golini. Mtu amekuumiza kwa krosi dakika 13 zilizopita, sasa anakuja tena kwa mtindo huo huo. Utategemea nini? Barbosa akasogea kuiwahi krosi. Ghiggia akapiga golini moja kwa moja, mpira ukapita kati ya kipa na mlingoti wa karibu. 2-1, na Uruguay wakawa mabingwa.

Sasa tuulizane. Nani alishindwa kumkaba Ghiggia mara mbili? Kwa nini hakuna aliyekwenda kumsaidia Bigode? Na ile safu ya ushambuliaji iliyokuwa imefunga magoli 13 katika mechi mbili, siku hiyo ilikuwa wapi? Maswali hayo hayakuwa na soko. Waliobebeshwa mzigo mkubwa zaidi ni Barbosa na mabeki Bigode na Juvenal, wote watatu watu weusi. Mimi siamini kwamba hilo lilitokea kwa bahati tu.

Barbosa hakuwa kipa wa kubahatisha. Mwaka 1949 alikuwa na timu ya Brazil iliyotwaa ubingwa wa Amerika Kusini, na baada ya kipigo kile klabu yake ya Vasco da Gama ilichukua ubingwa wa Rio wa 1950 na wa 1952. Haikusaidia kitu. Mwaka 1993 alikwenda kuitembelea timu ya taifa kambini, akazuiwa kwa hofu kwamba angewaletea mkosi. Wakati huo alikuwa mzee wa miaka 72! Mwenyewe alikuwa akisema kwamba kifungo kirefu kuliko vyote nchini kwake kilikuwa miaka 30, lakini yeye alitumikia miaka 50. Alifariki Aprili 2000.

Msidhani ni Brazil peke yao. Lev Yashin wa Urusi ya Kisovieti alishambuliwa sana mwaka 1962 baada ya Chile kuwatoa 2-1 katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka uliofuata akapewa Ballon d'Or, na mpaka leo ndiye kipa pekee aliyewahi kuipata. Tuzo hiyo ilianza mwaka 1956. Kipa mmoja tu!

Tatizo ni kwamba kosa la kiungo hufichwa na beki, kosa la beki hufichwa na kipa, lakini nyuma ya kipa kuna nyavu tu. Yeye ndiye wa mwisho kuonekana, nasi tunamfanya wa kwanza kulaumiwa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Kwa hiyo timu yako ikifungwa wikiendi hii, kabla hujamtukana kipa, rudisha nyuma kidogo uone mpira ulipotea miguuni mwa nani. Huenda ukakuta ni yule yule uliyevaa jezi yenye jina lake.