Pingamizi lisilodai sababu

Hii ni haki ya mdaawa kumwondoa mjumbe mtarajiwa wa juri bila kujieleza. Katika kesi za madai za mahakama za shirikisho Marekani, kila upande una mapingamizi 3. Yamekusudiwa kuondoa upendeleo, lakini huweza kuupandikiza. Edmonson, mfanyakazi wa ujenzi Mweusi aliyeumia kazini Louisiana, aliona kampuni aliyoishtaki ikitumia 2 kuwaondoa Weusi. Juri la Wazungu 11 na Mweusi 1 likathamini madhara dola 90,000, likamtwika asilimia 80 ya kosa, akabaki na 18,000. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku ubaguzi huo. Watetezi wa mapingamizi haya husema chuki haijitangazi mbele ya jaji. Kweli, ila huibuliwa kwa maswali ya kina, si kwa kukisia sura; jimbo la Arizona liliyafuta mwaka 2022.