Imani Majaribuni: Riwaya za Maziwa Makuu na Vita vya Mulele

Mchana wa Jumamosi, 28 Novemba 1964, gari la waasi wa Simba, katika vita vilivyoitwa vya Mulele, lilisimama kwenye misheni ya Baraka, mashariki mwa Kongo. Bruda Vittorio Faccin, Mwitalia wa miaka 30, aliamriwa apande. Akakataa, akapigwa risasi palepale. Padre Luigi Carrara, aliyekuwa kanisani akiungamisha waumini, alitoka na kumkuta mwenzake amelala chini. Naye akagoma kupanda. Akaomba afe pamoja na nduguye, akapiga magoti kando ya maiti, akauawa. Kabla siku haijaisha waasi walikuwa wamepanda Fizi, wakamuua Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert.

Wanne hao walitangazwa wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024, katika misa iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo. Kanisa limekwisha kutoa hukumu yake. Mtunzi wa riwaya, yeye, angeanzia hapo, na huenda angeanza na Abbé Joubert. Alizaliwa mwaka 1908 huko Mrumbi, upande wa Moba, mama yake Mwafrika, baba yake Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa. Kapteni huyo alikuja Ziwa Tanganyika kulinda misheni kwa bunduki dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa, enzi ambazo Rumaliza wa Ujiji alikuwa akiitawala sehemu kubwa ya ziwa. Mwanawe akaja kuuawa na watu waliosema wanapigania uhuru wa pili. Abbé Joubert alikuwa wa nani, basi? Wa Kanisa, wa baba Mzungu, au wa nchi iliyomzaa?

Waliopigana vita hivyo hawakukawia kwenye swali la namna hiyo. Che Guevara, aliyekaa milima ya Fizi mwaka 1965 kwa jina la Tatu, aliacha kumbukumbu zilizochapishwa baada ya kufa kwake. Mike Hoare, kiongozi wa mamluki walioshuka Baraka kutoka ziwani mwaka huohuo, alichapisha kitabu chake mwaka 1967. Ni vitabu vya makamanda: ramani, silaha, na lawama nyingi kwa askari wavivu. Mambo ya rohoni yaliachiwa watunzi wa hadithi, na katika ukanda wetu walikwisha kuyaanza zamani.

Mwaka 1934 James Juma Mbotela, mwalimu wa Kenya, alichapisha Uhuru wa Watumwa. Alisimulia habari za wazazi wa kizazi chake: Wayao waliotekwa bara, wakapakiwa jahazini, wakakombolewa baharini na meli ya Waingereza na kupelekwa Freretown, kijiji cha misheni karibu na Mombasa. Kitabu kilisomwa sana shuleni. Mateso yamesimuliwa vizuri, lakini shukrani kwa mkombozi imejaa mno. Msomaji wa leo hutamani walau mhusika mmoja anung'unike.

Aniceti Kitereza alishika njia nyingine kabisa. Huyu alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na mapadre, akawa katekista kisiwani Ukerewe. Mtu angetegemea riwaya ya mtu wa namna hiyo ijae misalaba na ubatizo. Wapi! Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ni Ukerewe ya kabla ya wamisionari, na habari yake ni mume na mke waliokosa mtoto. Ndugu wa mume wanamtukana Bugonoka, wazazi wake wanamrudisha kwao, na ukoo unamtaka Myombekere aoe mwingine. Hataki. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa faini ya pombe, na Kitereza hana haraka: ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa, zinachachuka, mitungi inabebwa mpaka kwa mkwe. Uaminifu wa ndoa, ambao mhubiri angeumaliza kwa mstari mmoja, hapa ni kazi ya siku nyingi na jasho. Mwandishi aliyajua hayo nyumbani kwake; yeye na mkewe Anna waliwazika watoto wao wakiwa wadogo, na hakuoa mwingine.

Mswada wa Kikerewe ulikamilika mwaka 1945. Hakupatikana mchapishaji. Mzee akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Aliyezileta kwenye riwaya fujo za miaka ya Mulele ni V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941, ambaye ujanani alikuwa mtawa wa Kibenediktini nchini Rwanda. Entre les eaux, iliyochapishwa mwaka 1973, ni habari ya Pierre Landu, padre Mkongo aliyesomea Roma, anayeiacha parokia na kuingia msituni kwa waasi. Anaona Kanisa limekaa upande wa wenye nguvu, na Injili, kwa fikra zake, iko upande wa maskini. Msituni nako hawamwamini. Barua anayomwandikia askofu wake wa zamani inakamatwa, na wenzake wanamhukumu kifo kwa usaliti. Anaponea kwa sababu kambi inashambuliwa. Baadaye anaoa, kisha anaishia monasterini. Carrara alijua afe kando ya nani. Landu hajui, na ndiyo maana riwaya hii inauma kuliko ya Mbotela.

Mudimbe alilirudia jambo hilo mwaka 1989 katika Shaba deux, kwa umbo la daftari za Mère Marie-Gertrude, mtawa Mkongo aliyebaki Kolwezi katika vita vya 1978 wakati watawa wa Ulaya wanaondolewa. Hana hotuba wala bunduki. Ana nyumba ya kutunza na watu wanaobisha hodi. Riwaya zote hizo Mudimbe aliziandika kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa sekondari Baraka, anayeongea Kibembe na Kiswahili nyumbani na kufundishwa Kifaransa darasani, ni miongoni mwa wasomaji wachache wanaoweza kumsoma Kitereza na Mudimbe bila kumhitaji mfasiri.