Ukodishaji wa skuta Uthai Kaskazini

Ukodishaji wa skuta Uthai Kaskazini ni biashara ya kukodisha pikipiki ndogo kwa siku au kwa wiki kwa wageni wanaotaka kuzunguka milima ya mikoa ya Chiang Mai na Mae Hong Son, kaskazini mwa Uthai (Thailand). Vituo vyake vikuu ni jiji la Chiang Mai na mji mdogo wa Pai. Wengi hutoka asubuhi na kurudi jioni. Skuta ni chombo kilichoundwa kwa ajili ya mitaa ya mjini, lakini hapa hupelekwa kwenye barabara za kona na miteremko mirefu, mara nyingi na mtu ambaye hajawahi kuendesha pikipiki kwao. Kwa sababu hiyo habari za breki, leseni na bima zina uzito kuliko bei, ambayo kwa kawaida ni baht 200 hadi 300 kwa siku.

Chombo chenyewe

Skuta ni pikipiki yenye magurudumu madogo, nafasi ya kuweka miguu mbele ya kiti, na gia zinazojibadilisha zenyewe. Pwani ya Afrika Mashariki wengi huiita vespa, hata kama haikutengenezwa na kampuni ya Piaggio ya Italia iliyoanza kuuza chombo chenye jina hilo mwaka 1946. Kwenye maduka ya Chiang Mai zinazoonekana zaidi ni Honda Scoopy na Honda Click, zenye injini za takriban sentimita za ujazo 110 na 125. Kando yake huwekwa Honda Wave, ambayo haina mkono wa klachi lakini gia zake nne hubadilishwa kwa mguu.

Mjini tofauti hiyo haisumbui, ila mlimani ni kubwa. Ndani ya skuta nguvu ya injini hufika gurudumu la nyuma kwa mkanda unaozunguka kati ya puli mbili, pamoja na klachi inayoshika yenyewe mzunguko unapoongezeka. Dereva akiachia mafuta kwenye mteremko, injini huzuia mwendo kidogo tu. Kasi ikishuka sana klachi huachia kabisa na skuta huteremka kwa uzito wake. Kazi karibu yote ya kupunguza mwendo hubaki kwa breki. Breki zikishikwa mfululizo kwa kilomita nyingi hupata joto, na pedi zake hupoteza mshiko. Mafuta ya breki yaliyozeeka yakanyonya unyevu huweza hata kuchemka, na hapo mkono wa breki huzama mpaka kwenye mpini bila chombo kusimama.

Njia inayofaa ni kupunguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona, kushika breki zote mbili kwa muda mfupi kisha kuziachia zipoe, na kusimama kando harufu ya kuungua inapoanza kusikika. Kuzima injini ili kuokoa petroli ni kosa, maana hata kizuizi kile kidogo cha injini hupotea. Mwendeshaji wa Wave anaweza kurudi gia ya pili na kuiacha injini ishike mwendo. Kwa aliyezoea pikipiki za gia, kama zile za bodaboda, Wave huwa chaguo salama zaidi kwa milima hii kuliko skuta, ingawa watalii wengi huiruka kwa sababu ya gia zake.

Njia za siku moja

Njia fupi zaidi ni ya kwenda Doi Suthep, mlima ulio magharibi mwa Chiang Mai wenye kimo cha mita 1,676. Hekalu la Wat Phra That Doi Suthep liko kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini. Barabara ya kulifikia ilijengwa miaka ya 1934 na 1935 na maelfu ya watu waliojitolea chini ya uongozi wa mtawa Khruba Siwichai. Kabla ya hapo waumini walipanda kwa miguu. Sanamu yake iko chini ya mlima, na madereva wengi husimama hapo kutoa heshima kabla ya kuanza kupanda.

Mzunguko wa Samoeng una urefu wa takriban kilomita 100. Huanza kwa kuelekea kaskazini hadi Mae Rim, ukafuata barabara namba 1096 kupitia bonde la Mae Sa lenye maporomoko ya maji na Bustani ya Mimea ya Malkia Sirikit, kisha hurudi mjini kutoka Samoeng kwa barabara namba 1269 kupitia Hang Dong. Kwa mtu anayetaka milima bila kujichosha, huu ndio unaofaa kuliko zote: lami yake kwa jumla ni nzuri, miteremko si mirefu mno, na migahawa ipo njiani.

Doi Inthanon, mlima mrefu kuliko yote nchini humo wenye mita 2,565, ni safari nzito zaidi. Kutoka Chom Thong barabara namba 1009 hupanda kwa karibu kilomita 48 hadi kileleni, ikipita maporomoko ya Wachirathan na vijiji vya Wakaren na Wahmong. Skuta yenye watu wawili hupanda polepole sana, na wakati wa kushuka kuna zaidi ya mita 2,000 za mteremko. Hapa ndipo breki hujaribiwa. Baridi nayo huwashangaza watu: mwezi Desemba na Januari sakitu huweza kuonekana kileleni asubuhi, huku mjini watu wamevaa fulana.

Pai hufikiwa kwa barabara namba 1095, inayosifika kwa kona zake 762, idadi ambayo huchapishwa hata kwenye fulana za watalii. Kwenda na kurudi Chiang Mai kwa siku moja ni zaidi ya kilomita 260, nayo si safari ya mgeni wa pikipiki. Wengi hufika Pai kwa basi dogo na kukodi skuta hukohuko ili kutembelea korongo la Pai na vijiji vya jirani. Pango la Tham Lod, karibu na Soppong, liko mbali zaidi na njia yake inapanda mlima mkubwa.

Leseni, bima na pasipoti

Duka linaweza kumpa mtu skuta bila kuuliza leseni, lakini hilo halimfanyi kuwa halali barabarani. Leseni ya kimataifa hutambuliwa Uthai ikiwa na muhuri wa daraja A, yaani la pikipiki. Iliyogongwa muhuri wa gari pekee haitoshi. Faini ya polisi ni sehemu ndogo ya tatizo. Bima nyingi za safari hukataa kulipa matibabu ya mtu aliyekuwa akiendesha bila leseni ya chombo husika au bila kofia ngumu, na gharama za upasuaji katika hospitali binafsi hubaki kwa familia yake.

Kila chombo hutakiwa kuwa na bima ya lazima iitwayo Por Ror Bor. Hulipa matibabu ya awali yasiyozidi baht 30,000 kabla ya kuamuliwa nani mwenye kosa, wala haifidii skuta iliyoharibika. Ndiyo maana maduka hudai amana. Wengine huomba pasipoti ibaki dukani, jambo ambalo serikali ya Uingereza na nyinginezo huwashauri raia wao wasilikubali, kwa kuwa mwenye pasipoti hubaki bila nguvu mzozo ukitokea kuhusu mikwaruzo. Amana ya fedha taslimu, pamoja na picha za skuta pande zote zilizopigwa mbele ya mwenye duka, hupunguza ugomvi huo.

Hatari na majira

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2018 kwamba Uthai ilikuwa na vifo 32.7 vya barabarani kwa kila watu 100,000, na kwamba asilimia 74 ya waliokufa walikuwa kwenye vyombo vya magurudumu mawili au matatu. Magari hupita kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Jeraha dogo la kawaida ni la kuungua mguu wa kulia kwa bomba la moshi, ambalo watalii huliita kwa utani "tatuu ya Uthai". Huepukwa kwa kushukia upande wa kushoto.

Miezi ya Novemba hadi Januari ndiyo bora. Kati ya Februari na Aprili moshi wa mashamba na misitu inayochomwa hujaa mabondeni. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua huacha matope na majani yanayoteleza kwenye kona.

Namba ya dharura ya matibabu ni 1669, na ya polisi wa watalii ni 1155. Asiye na leseni ya pikipiki anaweza kupanda Doi Suthep kwa songthaew, pikapu nyekundu yenye mabenchi mawili nyuma, inayofanana na daladala za Zanzibar.