Mlima Kenya Hauko Njiani Kwenda Ukunda

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana, saa nne usiku, niko chumbani Ukunda. Kompyuta ya mitumba imewaka, feni yake inalia kama bodaboda inayopanda mlima na mizigo. Kwenye skrini nimekaa kiti cha rubani wa Dash 8, ile ndege ya injini mbili za pangaboi kama zile tunazoziona mchana zikishuka juu ya minazi kuingia uwanja wetu wa Ukunda. Ndani ya simuleta ni asubuhi. Nimeruka kutoka Wilson, Nairobi, narudi nyumbani.

Njia nimeiandika mwenyewe kwenye FMS. Kwa asiyejua, hiyo ni kompyuta ndogo ndani ya chumba cha rubani. Unaipa safari yako nukta kwa nukta, nayo inamwambia otopailoti pa kugeukia. Nikabonyeza, nikaachia usukani, nikaenda kuchukua chai na mahamri kama bosi.

Kurudi, nakuta mlima umejaa dirishani. Una barafu juu. Nikajiambia, eh, Kilimanjaro hiyo, tunaenda vizuri.

Babu alikuwa ametutembelea kutoka Msambweni. Ni mvuvi, amezeeka baharini, na kompyuta haimhusu kabisa. Alikuwa amekaa kitandani anatazama tu.

"Mjukuu wangu, unakwenda wapi hapo?"

"Ukunda, babu."

"Na ni asubuhi?"

"Ni asubuhi."

"Sasa mbona jua liko mkono wa kulia?"

Sikuwa na jibu. Ukitoka Nairobi asubuhi kushuka pwani, unaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo jua lazima liwe kushoto kwako. Langu lilikuwa kulia. Ule mlima haukuwa Kilimanjaro bali Mlima Kenya, nami nilikuwa naufuata pua kwa pua. Ndege nilikuwa nimeipa futi 15,000. Mlima Kenya una mita 5,199, yaani zaidi ya futi 17,000. Maliza hesabu mwenyewe.

Kosa lilikuwa herufi moja tu. Ile programu yangu ya zamani haikuwa na Ukunda kwenye orodha ya viwanja, kwa hiyo niliingiza latitudo na longitudo kwa mkono. Ukunda iko kama digrii 4 na dakika 18 kusini, 39 na dakika 34 mashariki. Namba zote nilizipata. Lakini mbele ya ile 4 niliandika N badala ya S. Ukifanya hivyo, Ukunda inahama na minazi yake yote, inaenda kukaa kusini mwa Ethiopia, ng'ambo ya Moyale. Na ukichora mstari kutoka Wilson hadi huko, Mlima Kenya uko pale pale katikati ya njia.

Kwa nini N? Kwa sababu nilijifunza kwa video ya jamaa wa Ulaya. Kwake kila nukta inaanza na N, nami vidole vyangu vikazoea N. Niliiga hadi ikweta yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya watu waliopanga safari kabla yetu, na ndiyo nataka tuiongelee leo. Kuna wanaosema vijana wa Kwale kucheza simuleta ni kuiga mambo ya wazungu. Nawaelewa, maana hata mimi niliiga. Lakini kazi yenyewe, ya kupiga hesabu ya njia usiyoiona, haikuletwa pwani hii na ndege.

Tuanze na lugha. Neno rubani tumelipata kutoka Kiarabu, na huko lilikuwa la mtu wa bahari, anayekiongoza chombo, karne nyingi kabla ya ndege. Ndege zilipokuja, tulilipandisha tu angani. Na neno mwalimu je? Kwa Kiarabu ni muallim, na katika vyombo vya Bahari ya Hindi huyo alikuwa ndiye mtaalamu wa njia: anajua nyota, pepo na miamba, na anasema lini mtaondoka na mtaelekea wapi.

Sasa njoo 1498. Vasco da Gama anatokea kusini na merikebu zake, anafika Mombasa tarehe 7 Aprili, hapaelewani. Anaendelea hadi Malindi. Huko anapokewa, na sultani anampa anachokihitaji kuliko maji na mbuzi: mtu wa kumvusha hadi India. Shuleni wengi tuliambiwa mtu huyo ni Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa Oman. Lakini João de Barros, mwandishi Mreno wa karne ya 16, anamwita Malemo Cana, Mwislamu wa Gujarat. Hebu litamke hilo "Malemo" polepole. Ni mwalimu.

Barros anasimulia kwamba da Gama alimwonyesha mwalimu huyo astrolabu zake, chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota. Jamaa hakushangaa. Akamwambia mabaharia wa huku nao wana vyombo vyao. Wakaondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa ndiyo inaanza kushika, pepo ile ile babu anayoiogopa na kuitegemea. Siku 23 za bahari kuu, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Huo ulikuwa mpango wa safari kamili: wakati wa kuondoka, upepo, mwelekeo, siku za njiani.

Na kuna kitu kidogo kwenye kumbukumbu za safari hiyo kilichonigusa. Siku chache baada ya kuondoka Malindi, Wareno wanaandika kwamba wameiona tena Nyota ya Kaskazini, ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Bila shaka! Walikuwa wamevuka ikweta. Nyota hiyo, ambayo mabaharia wa kaskazini waliitegemea kuliko zote, hapa Diani haionekani kamwe, iko chini ya upeo wa bahari. Ukijifunza bahari kwa nyota hiyo peke yake halafu uje huku, umepotea. Walimu wa Bahari ya Hindi walilijua hilo. Walipima kimo cha nyota kwa kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, na ukija kusini unabadilisha nyota za kufuata. Kumbe tatizo langu la N na S lina zaidi ya miaka 500.

Ndege nazo zilipoanza hazikuwa na ujanja mkubwa zaidi. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways kule Nairobi, ndiyo maana uwanja ule unaitwa Wilson. Mwaka 1937 ndege za Imperial Airways zinazotua majini zilianza kupita Mombasa zikienda hadi Durban. Mwaka 1946 ikaja East African Airways na ndege ndogo za Dragon Rapide, na miaka ya 1960 ikaingiza Fokker F27, ndege ya turbini na pangaboi, dada mkubwa wa hizi Dash 8 zetu. Rubani wa siku hizo alikuwa na ramani, saa, dira na penseli. Njia ilikaa kichwani kwake kwanza.

Mwaka huo huo wa 1929, kule Marekani, Edwin Link alitengeneza kifaa cha kufundishia urubani bila kuruka. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vya upepo, kwa hiyo alitumia viriba vya hewa kuyumbisha kisanduku chenye kiti na usukani. Watu walikichukulia kama mchezo wa maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wakafa mmoja baada ya mwingine kwenye mawingu na giza, na ndipo jeshi likanunua vifaa sita vya Link. Kwa hiyo mtu akikuambia simuleta ni mchezo wa watoto, mwambie ilipata heshima yake kwa sababu ya makaburi.

Halafu zikaja kompyuta za ndani ya ndege, na makosa yakabadilika sura. Tarehe 28 Novemba 1979, DC-10 ya Air New Zealand ilipeleka watalii kutazama Antaktika. Namba za njia kwenye kompyuta zilikuwa zimebadilishwa kabla ya safari, na marubani hawakuambiwa. Wao walijua wanapita juu ya bahari iliyoganda, kumbe wanaelekea Mlima Erebus. Watu 257 walikufa. Tarehe 20 Desemba 1995, Boeing ya American Airlines ikikaribia Cali, Kolombia, rubani alitaka kituo cha Rozo akaandika R. Kompyuta ikamletea orodha ya vituo, cha kwanza kikiwa Romeo karibu na Bogotá. Akakubali cha kwanza. Ndege ikageuka yenyewe usiku, ikaingia milimani. Watu 159 walikufa, wanne wakapona.

Marubani hao walikuwa wataalamu, si wazembe wa chai na mahamri kama mimi. Mashine ilifanya kile ilichoambiwa, na katika dakika iliyokuwa muhimu hakukuwa na wa kuuliza swali la babu: mbona jua liko upande huo?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kujifunza kupanga safari kwenye FMS si kukariri vitufe. Vitufe utavijua wikendi moja. Somo ni kujua jibu kwa makadirio kabla hujaiuliza mashine, ili ikikudanganya ushtuke.

Mfano. Wilson iko kama digrii 1 na dakika 19 kusini, Ukunda 4 na dakika 18. Tofauti ni digrii 3 hivi, na kila digrii ni maili 60 za baharini, kwa hiyo unashuka kusini maili 180. Kwenda mashariki, kutoka longitudo 36 na dakika 49 hadi 39 na dakika 34, ni kama maili 165. Sasa mlete Pythagoras, yule tuliyekuwa tunamlalamikia darasani: unapata kama maili 244. Usiku ule FMS yangu iliandika maili 375, namba nyeupe kabisa mbele ya macho yangu. Sikuitazama, kwa sababu sikuwa na namba yangu ya kulinganisha.

Siku hizi nina kawaida. Kabla ya kugusa kibodi nachora kwenye daftari: natoka wapi, naelekea pembe gani, maili ngapi, mlima gani utakuwa mkono gani. Kilimanjaro ikae kulia. Asubuhi jua likae kushoto. Halafu ndiyo nawasha.

Nawajua wenzangu wa Ukunda, Diani na Msambweni mnaorusha ndege usiku kwa bando za mkopo. Najua pia ada ya shule ya urubani ilivyo, kwa wengi wetu hata kuitaja ni kuumwa kichwa. Simuleta haikupi leseni, tusidanganyane. Lakini tukiendelea kupakua faili za njia zilizoandikwa na watu wa mbali na kubonyeza tu, tutabaki abiria hata tukiwa kiti cha rubani. Hiyo inaniuma kuliko ada, kwa sababu pwani hii iliwahi kuwa mahali ambapo wageni walikuja kuomba mwalimu.

Nimeanza kuandika maelezo yangu ya FMS kwa Kiswahili, kwa viwanja vyetu, na S zetu mahali pake. Ukurasa wa kwanza ni ule ambao kompyuta inakutaka uthibitishe ulipo kabla haijakubali lolote. Nilikuwa naupita haraka haraka. Sasa nasimama hapo, nasoma herufi ya kwanza kwa sauti, na babu akiwepo anaitikia: "Kusini."