Dubu wa Darasa na Daftari Lake

Ijumaa moja ya Februari binti yangu alitoka shule amembeba dubu. Alikuwa dubu wa darasa lao, manyoya ya kahawia, sikio moja limeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, na katika mfuko wake wa kitambaa alikuja na mswaki na daftari. Kwa wasioishi huku Uingereza: madarasa mengi ya watoto wadogo yana mdoli wa namna hii. Kila wikiendi analala kwa mtoto mmoja, wazazi wanaandika kwenye daftari alichofanya na kubandika picha, na Jumatatu mwalimu anasoma mbele ya darasa zima.

Mimi ni mtu wa kupenda historia, kwa hiyo sikuanza na dubu, nilianza na daftari. Familia 14 zilikuwa zimetutangulia. Dubu alikuwa amekwenda bustani ya wanyama. Amepanda treni ya mvuke. Amekaa pembeni ya bwawa la kuogelea, kafungwa taulo. Sikuona hata ukurasa mmoja ambao dubu alishinda ndani mvua ikinyesha na watu wakigombania rimoti. Nikajiuliza, hawa wenzetu wanafua nguo lini?

Halafu nikaangalia ratiba yetu. Mimi nilikuwa na zamu ya usiku ghalani Ijumaa na Jumamosi, maana yake mchana ni kulala. Mama yake alikuwa kazini Jumapili asubuhi. Na mshahara ulikuwa bado siku tisa.

Basi Jumamosi saa kumi jioni, nimeamka, nina kikombe cha chai mkononi, nikachukua kalamu na kuandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba dubu alikwenda makumbusho kuona mifupa ya dinosaria. Ni kweli tulikwenda, ila ilikuwa Agosti. Binti yangu akaja akaniambia nimsomee. Nikasoma.

"Lakini baba, dubu hakuwepo."

Nikajitetea kidogo, eti ni hadithi tu. Aliniangalia kwa yale macho. Mtu ambaye huwa nalalamika hapa kila mara juu ya wanahistoria wanaopamba nyaraka, nilikuwa naghushi waraka wa kihistoria mezani kwangu, shahidi akiwa na miaka mitano.

Nilichana ule ukurasa. Na usiku, wakati wa mapumziko ya kazi, nikawa namfikiria dubu mwenyewe, maana naye kazaliwa katika hadithi iliyosafishwa.

Tarehe 14 Novemba 1902, rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuwa porini Mississippi akiwinda dubu, na hakuwa amepata kitu. Aliyeongoza msako alikuwa Holt Collier, mwindaji mweusi aliyezaliwa utumwani. Mbwa wake walimzingira dubu. Collier alitakiwa amwachie rais heshima ya kupiga risasi, hivyo akampiga mnyama kichwani kwa kitako cha bunduki, akamfunga kamba kwenye mti, akasubiri. Roosevelt alipofika, akakataa kumpiga risasi mnyama aliyefungwa. Hapo ndipo hadithi ya watoto inapokatwa. Dubu alikuwa ameumia vibaya, na rais akaamuru amalizwe. Aliuawa kwa kisu.

Siku mbili baadaye Clifford Berryman alichora katuni katika gazeti la Washington Post: rais kageuza mgongo, mkono umekataa. Katika michoro yake iliyofuata, dubu alizidi kuwa mdogo na mwenye macho ya huruma. Huko Brooklyn, Morris Michtom na mkewe Rose, wahamiaji kutoka Urusi wenye duka la peremende, wakashona dubu wa kitambaa na kumpa jina la utani la rais: Teddy. Karibu wakati huohuo, Ujerumani, Richard Steiff alibuni dubu mwenye viungo vinavyozunguka kwa ajili ya kampuni ya shangazi yake Margarete, na mwaka 1903 wakampeleka kwenye maonyesho ya Leipzig. Jina la Roosevelt likaenea vyumbani mwa watoto duniani kote. La Collier halikwenda naye.

Kwetu pia Roosevelt alifika, jambo ambalo watengeneza midoli hawana sababu ya kulitaja. Aprili 1909, wiki chache baada ya kuondoka Ikulu, alishuka Mombasa kwa safari ya kuwinda. Anaandika mwenyewe kwamba wapagazi walimwita Bwana Makuba. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Hao hawakufungwa kamba, nakubali.

Jambo lingine lililonijia ni wanasesere wa mwaka 1927. Mmisionari Sidney Gulick aliona uhusiano wa Marekani na Japani unaharibika kwa sheria ya kuwazuia wahamiaji, akahamasisha watoto wa Marekani wapeleke wanasesere zaidi ya 12,000 kwenye shule za Japani. Kila mmoja alisafiri na pasipoti yake. Japani nayo ikajibu kwa wanasesere wakubwa 58. Vita vilipokuja, wengi wa wale wageni wenye macho ya buluu waliharibiwa kama maadui. Wachache walisalimika kwa sababu kuna waliowaficha, na naamini kitendo hicho hakikuandikwa kwenye daftari lolote la shule wakati ule.

Jumapili tukampigia bibi, Tanga. Binti akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamleta dubu mbele ya kamera. Bibi akauliza kafika lini. Ijumaa. "Basi leo siku ya tatu huyo, mpeni jembe."

Hatuna jembe. Tukampa sinia la mchele, akakaa nalo mapajani huku binti yangu akichambua na kunionyesha mawe ambayo hayakuwa mawe. Jioni akanisomea la kuandika, nami nikaandika vilevile kwa Kiingereza, ila neno bibi tukaliacha lilivyo: dubu alilala mchana na baba kwa sababu baba anafanya kazi usiku. Dubu alichambua mchele. Dubu alisahau kupiga mswaki Jumamosi. Dubu aliongea na bibi, na bibi alicheka.

Picha tuliyobandika ina ukungu. Nimelala na mdomo wazi, dubu yuko kwapani.

Jumatatu nilipokwenda kumchukua, aliniambia watoto walicheka sana kuhusu mdomo wangu. Halafu mvulana mmoja akasema hata baba yake hulala mchana, na dubu alipokuwa kwao walimwekea mapazia. Nilikumbuka ukurasa wao. Ulikuwa ule wa treni ya mvuke.